Nani Analipia Moto?

Msikilizaji, uwe Kondele hapa Kisumu unafunga duka, uwe Luanda K'Otieno unangoja feri ya kuvukia Mbita, au uwe jikoni umeegemeza redio kwenye kopo la sukari, karibu tuzungumze. Leo naleta habari ya chakula kinachouzwa kabla hakijaiva, na hesabu yake.

Kuna pizza ambayo ukiinunua huokewi. Unakandiwa unga, unasukumiwa duara, unapakiwa mchuzi wa nyanya, unamwagiwa jibini na vipande vya kuku, halafu inafungwa kwa plastiki na unaambiwa: nenda ukaoke kwako. Inauzwa kwa bei iliyo chini ya ile ya pizza moto, na mwenye duka anakuambia umeokoa pesa. Pengine ni kweli. Kisumu pizza ya namna hii bado haijawa gumzo. Utaona za kuganda kwenye friza za maduka makubwa, utaona misingi mitupu ya pizza imepangwa karibu na mikate, na mpishi wa nyumbani atakutengenezea mbichi ukimwagiza. Swali langu ni kama mtu wa Kisumu akiinunua amepata, au amepatikana.

Waliolifanya jambo hili kuwa biashara kubwa ni Wamarekani. Kampuni ya Papa Murphy's ilizaliwa mwaka 1995 kwa kuunganishwa biashara mbili, moja ya mwaka 1981 na nyingine ya 1984. Makao yake yalikuwa Vancouver, jimbo la Washington, wala si ile Vancouver ya Kanada ambayo watu huikumbuka kwanza. Maduka yake hayakuhitaji oveni wala meza za wateja. Yalihitaji friji, kaunta na mikono ya kupanga vitu juu ya unga. Mteja anaondoka na pizza mbichi, anaichoma nyumbani kwenye oveni ambayo tayari ilikuwa jikoni siku alipokabidhiwa funguo za nyumba ya kupanga.

Na kuna jambo lingine lililoisukuma biashara hiyo, ambalo watu wa huku hawalifikirii. Serikali ya Marekani ina mpango wa kuwasaidia watu wa kipato kidogo kununua chakula, unaitwa SNAP, na kwa kawaida msaada huo haulipii chakula cha moto kilichopikwa dukani. Pizza iliyookwa hairuhusiwi. Pizza mbichi ni mboga, unga na jibini, basi inaruhusiwa. Katika majimbo kadhaa hata kodi ya mauzo inatofautiana kati ya chakula cha moto na kibichi. Kwa hiyo mama wa huko akichagua ile mbichi, ameruka vikwazo viwili kwa hatua moja, na moto wenyewe anao nyumbani. Nani atamlaumu?

Sasa njoo nayo Manyatta, huku Kisumu.

Ukinunua chakula, pesa yako inagawanyika. Kiasi kinakwenda kwenye chakula chenyewe, kiasi kwenye mikono iliyokitengeneza, na kiasi kwenye moto, pamoja na chombo cha kuutumia huo moto. Pizza ya kwenda kuoka mwenyewe inakutoza chakula na mikono, kisha inakurudishia kazi ya moto. Marekani hiyo ni nafuu, kwa sababu huko mikono ndiyo ghali: mshahara wa saa moja wa mpishi unatisha, na oveni kila nyumba inayo. Kwetu mambo yamepinduka. Mikono ni mingi na inalipwa kidogo, Mungu atusamehe. Kinachotutoa jasho ni moto.

Tuanze na oveni, tusije tukaionea pizza. Oveni ndogo ya stima, ile ya kuweka juu ya meza, tuseme ina nguvu ya wati 2,000. Iwashe nusu saa nzima, ipate moto na kuoka pizza moja, imekula yuniti moja ya stima. Yuniti moja kwa mteja wa kawaida wa nyumbani, ukijumlisha kodi na tozo zote ambazo tokeni huja nazo, hukaribia shilingi 30. Ni kidogo! Ni pesa ya mafungu machache ya nyanya. Ukiangalia hapo tu, utasema pizza mbichi ni nafuu na mazungumzo yaishie hapa.

Lakini ile yuniti moja haichomi pizza hewani. Inahitaji oveni, na oveni hiyo ndogo ni maelfu ya shilingi. Ile ya jiko la kusimama, lenye gesi juu na oveni chini, ni makumi ya maelfu. Tuseme umenunua ya shilingi 8,000, na tuseme pizza mbichi inakuokolea shilingi 200 ukiilinganisha na iliyookwa. Utahitaji pizza 40 kurudisha pesa ya oveni, kabla hujalipa stima hata ya shilingi moja. Mtu anayekula pizza 40 kwa mwaka sidhani kama hunisikiliza mimi kutafuta ushauri wa kubana matumizi.

Na vyumba vyetu je? Chumba cha ploti ya Nyalenda kina meko, yaani mtungi wa gesi wa kilo 6 wenye kichomeo juu yake, na pembeni kuna jiko la makaa la kupikia vitu vinavyochelewa. Huo ndio mtambo wote. Najua kina mama wataniambia keki inaokwa kwenye sufuria: unaweka makaa machache chini, unafunika, unapanga makaa mengine juu ya kifuniko. Ni kweli, na wengi wetu tumekula keki hizo kwenye sherehe za kanisa na hatukuona tofauti. Keki ni mvumilivu. Pizza haina uvumilivu huo. Inataka joto kali la pande zote, nyuzi 200 na zaidi, kwa dakika chache. Ukiiweka kwenye sufuria juu ya meko, unga wa chini unakuwa mweusi wakati jibini la juu bado linakutazama kama lilivyotoka dukani. Ukipunguza moto ili jibini liyeyuke, unga unakauka na kuwa kibao. Kikaango kizito chenye kifuniko kinasaidia kidogo, na ujanja upo, lakini pizza uliyolipia kama pizza umeshaigeuza kitu kingine.

Kuna na Jumanne. Watu wa mjini wanajua: kuna wauza pizza ambao siku hiyo ukinunua moja unapewa ya pili. Gawanya bei kwa mbili, pizza iliyookwa, moto, ndani ya boksi, inashuka hadi kukaribia ile mbichi au kuipita. Wenye mbichi hawana Jumanne.

Basi nikisema moto ni ghali kwetu, sisemi stima peke yake. Turudi nyuma kidogo. Septemba 2018 serikali iliweka tozo ya shilingi 18 kwa kila lita ya mafuta taa, ili wachakachuaji wasiyachanganye na dizeli. Lengo lilikuwa wale wenye malori, lakini stovu ya mafuta taa ilikuwa ya mpangaji wa chumba kimoja. Februari mwaka huo huo ukataji miti kwenye misitu ya serikali ulikuwa umepigwa marufuku, makaa yakapanda, na marufuku hiyo haikuondolewa mpaka Julai 2023. Watu wakaambiwa wahamie gesi. Wakahama. Julai 2021 gesi ikawekewa kodi ya VAT ya asilimia 16. Mwaka uliofuata ikapunguzwa ikawa asilimia 8, na Julai 2023 ikaondolewa. Ukimuuliza mama wa Obunga kwa nini hachemshi maharagwe nyumbani, usitegemee jibu kuhusu sera. Atakuonyesha mtungi na kukuambia huu ulikuwa wa mwezi mzima.

Hapo ndipo tunapofika kwenye chakula chetu wenyewe kinachouzwa nusu njia. Huku Ziwa Victoria kipo tangu zamani, na kinakwenda kinyume kabisa na pizza ile. Kwetu muuzaji anamaliza kazi kubwa ya moto, anakuachia wewe ile ndogo.

Mfano ulio wazi ni samaki wa kukaangwa. Mgeni akiona wanawake wa barabarani Kondele au kandokando ya soko la Jubilee, kila mmoja na kabati lake la kioo lililojaa ngege, yaani tilapia, waliokaangwa, anadhani ni chakula cha kula pale pale. Wengine hula pale, ndiyo. Lakini wateja wengi wa jioni hununua wapeleke nyumbani wakawamalizie: kitunguu, nyanya mbili tatu, chumvi, maji kidogo, samaki anaingizwa kwenye mchuzi dakika kumi, ugali upo pembeni, watu wanakula. Moto mzito ulishalipwa barabarani.

Ukisimama hapo uangalie kwa utulivu utaona kazi ilivyo. Samaki amepasuliwa, ametolewa matumbo na magamba, amechanjwa mistari mitatu minne kila ubavu ili mafuta yaingie hadi mfupani, akapakwa chumvi. Karai ni pana, mafuta yamejaa nusu, chini kuna kuni au makaa yasiyochezewa. Mama anamshika samaki mkiani, anamteremsha kichwa kwanza, taratibu, anamwachilia mkono ukiwa tayari umeondoka. Hamgeuzi haraka. Akigeuzwa kabla ngozi haijashika, anavunjika, na aliyevunjika bei yake inavunjika pia. Ukimwomba samaki, swali la kwanza atakalokuuliza ni hili: "Kastoma wangu, ni wa kula leo ama wa safari?" Wa leo anatolewa angali laini. Wa safari anarudishwa kwenye mafuta akauke kabisa, kwa sababu atafungwa gazetini na kupandishwa basi la usiku kwenda kwa shangazi Nairobi, na asubuhi anatakiwa afike akiwa hana harufu.

Swali hilo la mama linaeleza historia nzima. Samaki ziwani hakukaangwa ili kumrahisishia mtu upishi. Alikaangwa kwa sababu barafu haikuwepo. Joto la Kisumu halimsubiri mtu, na samaki aliyevuliwa alfajiri, kufikia jioni bila barafu ni hasara. Zamani samaki wadogo, furu na ngege, walianikwa juani, na jua ni moto usiolipiwa. Obambla, yule samaki aliyepasuliwa na kukaushwa, ndiye mtoto wa jua hilo. Kisha mbuta, yaani sangara, akaletwa ziwani miaka ya 1950 na mwanzoni mwa miaka ya 1960, na kufikia miaka ya 1980 alikuwa amejaa kote. Huyo haanikiki. Ni mkubwa, na ana mafuta mengi. Ukimwanika anaoza kabla hajakauka. Akataka moto: kubanikwa kwa moshi au kukaangwa. Wataalamu wa mazingira waliandika sana kuhusu miti iliyokwenda kumbanika mbuta. Kwa hiyo mvuvi alipobadilishiwa samaki, mchuuzi alibadilishiwa jiko, akaanza kununua kuni alizokuwa hazihitaji.

Halafu vikaja viwanda vya minofu. Minofu ikapanda ndege kwenda Ulaya, na zaidi ya nusu ya uzito wa samaki ikabaki mlangoni mwa kiwanda: kichwa, mfupa wa mgongo, mkia, na nyama iliyonusurika kisu. Hiyo ndiyo mgongo wazi, na Obunga ndiko ilikopata jina lake Kisumu. Wanawake waliinunua kiwandani, wakaikaanga, mara nyingi kwa mafuta ya mbuta mwenyewe, wakaiuza kwa watu ambao mnofu haukuwa wao tena. Mwanza wenzetu waliita mapanki, na dunia iliyaona kwenye filamu ya Hubert Sauper ya mwaka 2004, Darwin's Nightmare, iliyozua ugomvi mkubwa Tanzania. Huku kwetu, mwaka 1997, watafiti Richard Abila na Eirik Jansen walikuwa wameshaandika kwamba viwanda vya minofu na vya unga wa samaki vinashindana na sahani ya mtu wa kawaida: cha juu kinakwenda Ulaya, na hata omena, wale dagaa wa ziwani, na mifupa vinatakiwa kwa chakula cha kuku.

Nayasema haya kwa sababu mgongo wazi ndiyo hesabu kali kuliko zote za chakula cha nusu njia. Mfupa ukiununua mbichi haukufai kitu; utahitaji mafuta mengi na moto mrefu kwa nyama kidogo. Ukikaangwa pamoja na mingine 50 kwenye karai moja, gharama hiyo inagawanyika hadi inapotea. Unapeleka nyumbani, unauchemsha na nyanya, supu inatoka nzito, watoto wananyonya mfupa. Nimeshawahi kuwasikia watu wakiucheka. Wajaribu kupika mlo mwingine wa watu watano kwa pesa hiyo.

Tufanye hesabu ya ngege mzima pia, na bei hizi ni za mfano tu, usije ukampelekea mama wa Jubilee kanda ya kipindi hiki. Tuseme ngege mbichi wa saizi ya sahani ni shilingi 250, na aliyekaangwa ni 300. Watu husema: kwa nini nimpe mtu shilingi 50 bure? Haya, mkaange mwenyewe. Utahitaji mafuta ya kumfunika nusu mwili, si chini ya robo lita. Utayatumia tena, ndiyo, lakini sasa yananuka samaki na chapati za Jumapili hazitayataka. Utawasha gesi dakika 20. Utasafisha magamba kwenye beseni ndani ya chumba cha futi kumi kwa kumi, na utalala na harufu. Unakumbuka mwaka 2022, vita vya Ukraine vilipoanza na Indonesia ikafunga kwa muda kuuza nje mafuta ya mawese? Mafuta ya kupikia yalipanda hadi watu wakaanza kununua ya kupima kwa kikombe. Wakati huo mama wa karai alikuwa akinunua mtungi wa lita 20 kwa pamoja, na kila lita ilikaanga samaki wengi. Wewe na kikombe chako ulikuwa unakaanga mmoja. Shilingi 50 yake ni nafuu.

Nyoyo ni vivyo hivyo. Mahindi makavu na maharagwe yanataka saa mbili hadi tatu za moto, na pungufu kama uliloweka usiku, lakini nani amekumbuka kuloweka? Jioni kuna mama ana sufuria kubwa ameifunika kwa gunia, anapima kwa kikombe. Nyumbani unakaanga kitunguu tu. Baadhi yao huweka magadi ili maharagwe yalainike upesi, na ulimi wako utalijua hilo kwa ladha inayofanana na sabuni kwa mbali. Ukilionja hilo, hama mama. Wapo wasioweka.

Hata Pwani wanalijua jambo hili, ila wao wamesimama katikati. Mwezi wa Ramadhani Mombasa utauziwa manda za sambusa zilizokwishatengenezwa na sambusa mbichi zilizofungwa tayari, ukakaange mwenyewe karibu na magharibi. Hapo mikono ndiyo inayouzwa, kwa sababu kukunja sambusa 60 huku umefunga ni kazi, na sambusa inataka kuliwa ikiwa moto. Moto wake ni mfupi, dakika chache tu. Hiyo nayo ni biashara ya haki.

Sasa usifikiri nawapigia debe wauza samaki peke yao. Kuna kitu unakipoteza ukinunua kilichokaangwa, na ni kikubwa: ushahidi. Samaki mbichi anajisema. Unafunua shavu, matamvua ni mekundu au yamegeuka kahawia. Unatazama jicho, limejaa au limezama. Unabonyeza nyama kwa kidole, inarudi au inabaki na shimo. Karai likishapita, yote hayo yamefutika. Aliyevuliwa leo na aliyekuwa anakaribia kuharibika jana wanatoka na rangi moja ya dhahabu. Ndiyo maana samaki ambaye hakuuzika mbichi hadi saa kumi jioni anaishia kwenye mafuta. Na samaki wa kuganda kutoka China, aliyezua kelele hadi Rais Uhuru Kenyatta akamzungumzia hadharani Oktoba 2018, akishakaangwa huwezi kumwuliza pasipoti. Dalili moja waliyonayo wazoefu ni saizi: ukikuta kabati zima ngege wamelingana, uliza maswali. Siku hizi hata hiyo si dalili ya uhakika, maana wa vizimba vya ziwani nao hulingana.

Hapa pizza mbichi inashinda waziwazi. Unaiona. Vipande vya kuku ni vingapi, jibini limetandazwa au limenyunyizwa kwa ubahili, nyanya ni mbichi au ni ya kopo, yote yako juu mbele ya macho yako kabla hujalipa. Iliyookwa imeyeyuka, kila kitu kimejificha chini ya kila kitu. Kama ungekuwa na namna ya kumnunua ngege kwa macho ya mbichi na kwa moto wa karai, ungekuwa umefika. Na namna hiyo ipo: nenda ufukweni, Dunga kwa mfano, chagua samaki mwenyewe akiwa mbichi, mfunue shavu, kisha mwache akaangwe ukisubiri. Unalipa moto, hulipi kwa upofu. Kwa pesa yangu, huo ndio ununuzi bora kabisa wa chakula cha nusu njia mwambao huu wote. Kasoro yake ni nauli ya bodaboda na saa moja ya kusubiri, na mtu aliyetoka kazini Kibos saa moja usiku hana saa hiyo.

Wengine wataniuliza kuhusu mafuta yaliyotumika mno. Wana haki. Karai linaloongezewa mafuta mapya juu ya ya jana, na ya juzi, huwa jeusi, linatoa povu juu na moshi unaowasha macho hata ukisimama mbali. Samaki wake anakuwa kahawia iliyokolea kabla ndani hajaiva. Mama anayebadilisha mafuta anagharamika, na ndiye huyo mwenye bei iliyozidi kwa shilingi 20. Mlipe hizo 20. Wateja wa Kisumu tuna tabia ya kuhamia kabati lenye bei ya chini halafu tunalalamikia kiungulia.

Pizza mbichi, basi. Kama una oveni tayari, iliyonunuliwa kwa sababu nyingine, na nyumbani mna watu wanne au zaidi, na si siku ya Jumanne, inunue. Utapata zaidi ya ulicholipa, na utaichagua kwa macho. Kama huna oveni, usinunue oveni kwa ajili yake, wala usijidanganye na sufuria. Na kama pesa uliyonayo ni ya mlo mmoja wa familia, hiyo pizza iache dukani.

Kwa wanaopanga masoko ya jiji letu nina ombi. Mnapojenga vibanda vipya, mnaweka paa, mnaweka meza, mnaweka geti. Mwekeeni na mama wa karai dohani ya kutolea moshi, na mahali pa kumwaga mafuta yaliyochoka pasipo mtaro wa maji. Yeye ndiye anayelipia moto wa chakula cha jioni cha nusu ya mji huu, na kuni ananunua kwa bei ile ile inayotukimbiza sisi.

Na wewe unayepita hapo jioni hii: kabla hujachagua samaki, tazama kwanza rangi ya mafuta kwenye karai.